Bi Zinash na Kondoo wa Mwaka Sitini na Tisa

Katika chuo chetu hapa Dessie, mwanafunzi wa masomo ya habari akitafuta filamu ya zamani, gazeti la enzi za babu yake, au chombo cha kuhariria sauti bila kutoa hata birri moja, haendi kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara, Daktari Fikadu, atamwambia aandike ombi. Anakwenda kwa Bi Zinash wa maktaba, na Bi Zinash anafungua daftari.

Daftari lenyewe ni la kurasa mia mbili, jalada limejaa alama za vikombe vya kahawa, na ndani limegawanywa sehemu tatu kwa wino mwekundu. Ya kwanza inaitwa Bure Kweli. Humo zimo hifadhi za mtandaoni ambazo unaingia, unachukua, unashukuru, unaondoka. Ya pili inaitwa Bure ya Uongo. Hizo ni zile tovuti zinazokukaribisha kwa maneno matamu, zikakuonyesha mali yote, na ukinyoosha mkono tu zinataka namba ya kadi ya benki. Ya tatu ndiyo anayoipenda kuliko zote: Bure kwa Kubembeleza. Mali imefungiwa, ndiyo, lakini nyuma ya dirisha yuko mtu, na mtu huyo akiandikiwa barua ya heshima, akaulizwa hali yake na hali ya hewa ya kwao, hulainika.

"Vya bure ni vya maskini," Daktari Fikadu alimwambia siku moja mbele ya watu. "Chuo kinataka mfumo wa kulipia, wenye hadhi."

"Na sisi ni nani, Daktari?"

"Sisi ni chuo."

"Sawa. Basi chuo kikishalipia, uniambie. Mimi kwa sasa nina wanafunzi arobaini na kompyuta tatu, na moja imelala tangu Pasaka."

Ukutani juu ya meza yake amebandika maswali mawili: NANI KASEMA? ALIKUWEPO? Mwanafunzi akija na insha iliyoandikwa "inasemekana", anarudishwa nayo kabla hajakaa. Ndiyo maana walimpa jina la Bi Alikuwepo, na yeye analijua, na halimchukizi. Kinachomchukiza ni kwamba nyumbani kwake mwenyewe yuko mtu ambaye kwa miaka hamsini na kitu amekuwa akisema jambo kubwa bila ushahidi wowote, na mtu huyo ni baba yake.

Mzee Ayalneh anasema alishinda mbio za baiskeli za kutoka Kombolcha kupanda Dessie. Aliyewahi kuupanda mlima wa Harego, hata kwa basi, anajua kwamba kuupanda kwa baiskeli ya chuma ni wazimu. Vijana kumi na mmoja waliondoka Kombolcha asubuhi. Watano waliingia mjini wakiwa wamebanana. Watatu kati yao wamekwisha kufa, na waliobaki wawili, Ayalneh na Yimam, kila mmoja anasema mshindi ni yeye. Ukiuliza ilikuwaje mji mzima usijue nani alivuka mstari kwanza, wote wawili wanakohoa, wanaomba kahawa nyingine.

Na kahawa wanainywa pamoja. Mzee Yimam anakaa nyumba ya tatu, na kila siku saa tisa alasiri anakuja kwa mpinzani wake, maana kubishana peke yako ni kazi ngumu.

"Mimi nilipigwa filamu," Mzee Ayalneh husema, akijifunika vizuri shuka lake zito la pamba. "Mzungu na kamera yake, mbele ya mji mzima. Wewe ulipigwa na nini?"

"Nilipigwa na jua, nikiwa mbele yako."

"Iko wapi picha ya hilo jua?"

"Na iko wapi hiyo filamu yako, bwana? Binti yako anafanya kazi hiyo hiyo ya kutafuta filamu, mwaka wa kumi na moja huu hajaiona. Wallahi, hata mtandao unakuonea haya."

Hapo Bi Zinash huingia jikoni na kukoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Yeye anaitwa Zinash Ayalneh. Sisi hatuna majina ya ukoo, tuna majina ya baba zetu, na kila anapotia sahihi anamwandika mzee pale pale. Mzee akiitwa mwongo, nusu ya sahihi yake inaitwa mwongo. Tena yeye ndiye Bi Alikuwepo.

Mambo yangebaki hivyo mpaka wazee wakazikwe na ubishi wao, lakini mwaka huu chama cha baiskeli kikafufuka. Katibu wake, Ato, yaani Bwana, Endris, mtu mwenye haraka na viatu vinavyong'aa, alifika kwa kahawa siku ya Jumamosi na kutangaza kwamba mbio za Harego zinarudi, kikombe cha ushindi kimekwisha nunuliwa, na kitachongwa jina la mshindi wa mbio za kwanza.

"Jina la nani?" wazee waliuliza kwa pamoja.

"Ndiyo nimekuja kuuliza. Karatasi za manispaa ziliungua zamani. Fundi wa kuchonga anataka jina Jumamosi ijayo. Nikikosa ushahidi, nitamwambia achonge baiskeli tu, bila mtu juu yake."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yao Mzee Ayalneh na Mzee Yimam walitazamana kwa hofu moja. Kisha Mzee Ayalneh akaweka kikombe chini.

"Zinash ataleta filamu," akasema. "Jumamosi. Mwite fundi aje na patasi yake."

Bi Zinash alitamani ardhi immeze. Si kwamba hakutafuta. Baba alikuwa ameshika tarehe moja tu, mwaka wa sitini na tisa, na hakuwahi kuyumba. Ukimwamsha usingizini atakwambia sitini na tisa. Sasa hesabu yetu ya miaka iko nyuma ya hesabu ya wazungu kwa miaka saba, na katika miezi mingine kwa miaka minane, na hifadhi zote za mtandaoni zimepangwa kwa hesabu ya wazungu. Bi Zinash, kwa ustadi wake wote, aliongeza inavyotakiwa, akapata sabini na saba. Basi akachimba miaka hiyo. Alifukua sabini na sita na sabini na saba, akaongeza sabini na tano na sabini na nane kwa usalama. Alifungua hifadhi za Bure Kweli moja baada ya nyingine, akaandika "baiskeli" kwa lugha sita. Aliona baiskeli za dunia nzima, lakini za Harego hapana.

Mara moja, miaka ya nyuma, alimuuliza Mzee Yimam mbio zilikuwa lini. Yimam akasema, kabla ya ile njaa kubwa. Bi Zinash hakuliandika hata. Njaa ile ilikuja mapema kuliko sabini na saba, basi huyu mzee anachanganya, na isitoshe ni mpinzani, atasema lolote. Na huyo ndiye Bi Zinash anayewaambia wanafunzi wasikilize pande zote.

Jumapili, kahawa ya pili ikimiminwa, alikaa chini mbele ya baba yake na daftari magotini, kama anavyokaa na mwanafunzi mzito.

"Baba, tuanze upya. Mwaka gani?"

"Sitini na tisa. Umekuwa kiziwi?"

"Uliujuaje?"

"Niliujuaje vipi? Aliniandikia yule mzungu. Kwenye pakiti ya sigara. Jina lake na mwaka. Jina lilinishinda kusoma, mwaka nikaukariri, na vizuri nilivyoukariri, maana marehemu mama yako aliiwashia moto ile pakiti."

Bi Zinash aliacha kalamu ikaanguka.

"Aliandika mzungu? Kwa mkono wake?"

"Sasa kwa mguu?"

"Kwa hesabu yetu au yao?"

Mzee Ayalneh alimtazama binti yake kwa masikitiko, kama mtu anayegundua kwamba ada ya shule ilipotea bure.

"Zinash, mwanangu. Mzungu wa kujenga barabara, ana wiki tatu tu nchini, hata kusema maji hajui. Hesabu yetu ataijulia wapi?"

Mzee Yimam alicheka mpaka bisi alizokuwa akitafuna na kahawa zikamkwama kooni, ikabidi apigwe mgongoni, na aliyempiga ni Ayalneh, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kumi na moja!" alisema Yimam alipopata pumzi. "Miaka kumi na moja kaongeza nane juu ya mwaka ambao ulikuwa umeshaongezwa! Si nilikwambia kabla ya njaa, binti yangu? Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulinambia, Gashe," alisema Bi Zinash kwa neno letu la kumheshimu mzee, na uso ulimwaka.

Jumatatu asubuhi alifunga mlango wa maktaba, akabandika karatasi ya "narudi sasa hivi", akaanza na sitini na tisa ya wazungu. Kufika mchana alikuwa ameona baiskeli za Ulaya, za Asia, na moja inayoendeshwa na dubu. Harego hakuna. Akarudi nyumbani saa tisa akiwa na hasira, na tangu mlangoni akamuuliza baba yake.

"Yule mzungu alikuwa anapiga nini hasa? Alikuwa amekuelekezea wewe kamera muda wote?"

Wazee wakakohoa.

"Baba."

"Alinipiga mimi kwanza," alisema Mzee Ayalneh. "Halafu... alikuwa anacheka. Akageuza mashine kwa kondoo."

"Kondoo gani?"

Mzee Yimam ndiye aliyelazimika kusema, huku akitazama ukuta.

"Zawadi ilikuwa kondoo dume. Walimfunga kwenye mstari wa kumalizia. Tulipofika alikata kamba. Mji mzima ukamfuata, na mwamuzi mbele yao, maana ndiye aliyekabidhiwa kondoo. Hakuna aliyetazama mstari. Ndiyo basi."

"Miaka yote hii mnaniambia mlima, jasho, ushujaa, na kumbe kulikuwa na kondoo?"

"Ungeichukuliaje?" alifoka baba yake. "Mwanamume apande Harego, halafu asimulie kondoo?"

Bi Zinash hakungoja kahawa. Alirudi chuoni mbio, akaandika "kondoo". Orodha ilikuja ndefu, kwa sababu dunia imepiga filamu nyingi za kondoo kuliko unavyodhani. Na huko chini, katika hifadhi moja ya nchi ya baridi, iliyokuwa kwenye daftari lake sehemu ya tatu, akaona filamu za nyumbani za mhandisi wa barabara, zilizotolewa na familia yake baada ya kifo chake. Ya kumi na nne iliandikwa hivi: Afrika, mahali hapajulikani, watu wakimkimbiza kondoo, dakika mbili, 1969. Kulikuwa na kijipicha kidogo kando, na nyuma ya kondoo mlima. Alifungua ramani ya bure ya satelaiti, akaizungusha mpaka akasimama kama aliyesimama barabarani kwetu, na mlima wa ramani ukalingana na mlima wa kijipicha. Ulikuwa Tossa, ule ule anaouona akianika nguo.

Barua aliyoandika kwa mtunza hifadhi ilikuwa ya kubembeleza kuliko zote alizowahi kuandika. Aliuliza hali, akauliza theluji, akamwombea marehemu mhandisi pumziko jema, na mwisho kabisa akagusia kondoo. Alhamisi mama mmoja wa huko alijibu kwamba theluji ni nyingi, ahsante kwa kuuliza, hakuna aliyewahi kuuliza, na filamu hii hapa.

Aliitazama peke yake, mlango umefungwa. Haikuwa na sauti. Barabara, umati, na baiskeli mbele kabisa ikija. Juu yake kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, na kabla hajamtambua kwa sura alimtambua kwa shingo. Machozi yakamjia. Kweli baba alikuwa mbele! Kweli alipigwa filamu! Kijana yule aliiona kamera. Hatua kama kumi kutoka kwenye mstari, akaacha kukanyaga. Akaweka mguu chini. Akatengeneza nywele kwa mkono, akainua kidevu, akatabasamu kwa mzungu tabasamu refu la kupigia picha, kama vile mbio zilikuwa zimekwisha. Nyuma yake kondoo akakata kamba na vichwa vyote vikageuka. Na hapo, pembeni kabisa mwa picha, kiwiko cha mtu na gurudumu vikapita, vikavuka mstari, vikatoweka. Kamera ikamfuata kondoo.

Alirudisha nyuma mara tisa. Baba alishindwa. Kwa nani, filamu haikusema. Kiwiko hakina jina.

Nyumbani mzee alikuwa mlangoni.

"Umeniona?"

"Nimekuona, Baba."

"Nilikuwa mbele?"

"Ulikuwa mbele." Hilo lilikuwa kweli, na akaishia hapo.

"Basi nawaalika watu," alisema Mzee Ayalneh, na akawaalika, kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Bi Zinash hakulala vizuri siku mbili. Angeweza kusema mtandao umekatika, kila mtu angeamini, mtandao wetu ndivyo ulivyo. Angeweza kukata filamu pale baba anapotabasamu, na chombo cha kukatia kiko kwenye ukurasa wa pili wa daftari, bure kweli. Ijumaa alikifungua kabisa, akaweka alama ya kukata. Kisha akainua macho akakutana na maneno yake mwenyewe ukutani, akakifunga kwa hasira na kuyatukana maneno hayo.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa. Daktari Fikadu alikuja kuona kama vitu vya bure vinafanya kazi. Fundi alikaa mbele na kikombe mapajani. Taa zikazimwa, na Ayalneh wa miaka ishirini akaja barabarani, na ukumbi ukapiga vigelegele. Kisha akaweka mguu chini, akatengeneza nywele. Vigelegele vikapungua. Kiwiko kikapita. Kondoo akakimbia, na watu wakacheka mpaka viti vikalia, wakaomba irudiwe, ikarudiwa, wakacheka tena. Bi Zinash hakuweza kumtazama baba yake.

Taa zilipowashwa Mzee Yimam alikuwa wima.

"Ni mimi huyo! Mmeona wenyewe!"

"Tumeona kiwiko, Mzee," alisema Ato Endris. "Walifika watano. Bi Zinash, wewe ndiye mtaalamu. Ni kiwiko cha nani?"

"Filamu haionyeshi," alisema Bi Zinash, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Inaonyesha tu kwamba si cha baba yangu."

"Huenda ni marehemu Gebru," akasema mtu kutoka nyuma. "Alikuwa na viwiko vikali."

"Mimi nakwambia ni mimi!" Yimam alisema. "Wallahi ni mimi. Nilivuka, nikageuka, nikakuta migongo. Mji mzima umenipa mgongo. Nani aniamini?"

Ato Endris alitazama saa. Fundi alianza kuchora baiskeli tupu kwa penseli.

Mzee Ayalneh alisimama. Ilimchukua muda, na shuka lilimvuka begani akaliacha.

"Andika Yimam," alisema.

Fundi akainua penseli.

"Gashe, una hakika?" aliuliza Endris. "Hakuna aliyetazama."

"Wote mlikuwa mnatazama kondoo. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Alinipita hapa," akagusa bega lake la kushoto, "akaniita mpumbavu, na ni kweli nilikuwa mpumbavu. Nilimwona akivuka. Nimemwona kila siku tangu siku hiyo."

"Na kwa nini ulisema umeshinda?" Binti yake ndiye aliyeuliza, bila kupanga.

"Kwa sababu yule mzungu alirudi akanipa mkono, Zinash. Yimam hakupewa mkono na mtu yeyote. Nikaona basi, wamenipa. Kurudisha ikawa ngumu, kila mwaka ikazidi kuwa ngumu." Akamgeukia mpinzani wake, akanyoosha mkono. "Chukua. Ni wako."

Mzee Yimam aliushika kwa mikono yake miwili, akalia waziwazi mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka. Kisha akafuta uso kwa mkono wa koti, na wasiwasi mpya ukamwingia.

"Sasa wewe mzee, ukishakubali, kesho saa tisa tutazungumza nini?"

Mzee Ayalneh alifikiri.

"Kuna kondoo," alisema. "Nani alimla? Kwa sababu mimi najua, na nadhani wewe pia unajua."

"Usianze, Ayalneh!"

"Ndiyo kwanza naanza."

Wakatoka wakibishana, na fundi akafuta baiskeli na kuanza kuchonga herufi.

Jumatatu Bi Zinash alimwandikia yule mama wa nchi ya baridi. Aliuliza theluji. Kisha akaomba maelezo ya filamu ya kumi na nne yasahihishwe: Mbio za baiskeli, Kombolcha hadi Dessie, mshindi Yimam Hussein, anayepita pembeni. Fomu ilikuwa na nafasi ya mwisho ya kueleza habari hizi zimetoka kwa nani. Alikaa nayo kwa muda mrefu kuliko nafasi nyingine zote, akaijaza hivi: Ayalneh Zewdu, aliyekuwa wa pili. Alikuwepo.